Ukinunua Hisa, Umenunua Paa
Maswali na majibu kuhusu nyumba za ushirika Mbinga na Mbamba Bay

Nyumba ya ushirika ni nini hasa? Mbona wanasema nitakaa kwangu lakini hati haitakuwa na jina langu?

Ndivyo ilivyo. Ukinunua nyumba ya kawaida Mbinga mjini, unapewa kiwanja na kilichojengwa juu yake. Katika ushirika, hati ni ya chama. Wewe unanunua hisa, na hisa hizo zinakupa haki ya kukaa katika sehemu fulani, tuseme vyumba viwili na sebule, kwa masharti yaliyopitishwa na wanachama wote. Utaratibu huu ni wa zamani. Mwaka 1916 wahamiaji kutoka Finland walijenga Brooklyn, New York, jengo la ushirika wakaliita Alku, yaani “mwanzo”, na hadi leo familia nyingi za jiji hilo zinaishi katika majengo ya ushirika yaliyosimama kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwetu, wakazi wa Mwenge, Dar es Salaam, walikuwa na chama chao cha ushirika wa nyumba tangu miaka ya 1970. Wengi huvutiwa na bei, maana gharama ya kuingia hugawanywa. Mimi naitazama faida nyingine, ambayo naamini ndiyo kubwa: ushirika unaamua nani anawajibika kwa paa.

Mimi ni mpangaji tu wa vyumba viwili katika nyumba ya korido. Mambo haya yananihusu nini?

Yanakuhusu kuliko mtu mwingine yeyote. Itazame nyumba yenyewe: kuta za matofali ya kuchoma, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na bafu uani, mita moja ya umeme wa LUKU kwa wote. Mwenye nyumba anaishi Songea. Msumari mmoja wa bati umelegea, maji ya mvua yanapenya, yanafuata mti wa kenchi na kudondokea chumba cha jirani yako. Kwako ni pakavu, kwa hiyo unanyamaza. Jirani anaweka beseni, kwa sababu kodi anayolipa haimpi kauli juu ya paa, na aliyeko Songea halisikii tone. Mvua za miaka mitatu zikipita, kenchi imeoza, na tundu lililohitaji msumari mmoja wenye mpira sasa linadai mbao, mabati na fundi wa wiki nzima. Kila mmoja katika nyumba hiyo anaweza kuwa mtu mwema kabisa na hasara ikatokea vilevile, kwa kuwa anayeumia hana uamuzi na mwenye uamuzi haumii. Wamatengo, wenyeji wa Mbinga, wanalijua jambo hili mlimani. Katika ngolo, kilimo chao cha mashimo, nyasi zilizofyekwa hulazwa katika miraba, udongo wa katikati huchimbwa na kuzifukia, mpaka mteremko mzima unakuwa mashimo yaliyopangana, kila moja likizuia maji yake. Shimo la juu likiachwa libomoke, maji hayamuulizi wa chini kama alipalilia. Nyumba ya korido iko katika hali hiyo hiyo ya kutegemeana, ila haina mtu aliyepewa jembe. Wapangaji wakiinunua kwa kupitia chama kilichosajiliwa, pamoja na wenzao wa nyumba za jirani, tundu la chumba cha pili linakuwa ajenda ya wote kabla mbao hazijaoza.

Tulikuwa na MBICU, ikaanguka na fedha zetu. Kwa nini tuukabidhi ushirika hata mahali pa kulala?

Pingamizi hili lina uzito, na haitoshi kulijibu kwa kusema zama zimebadilika. MBICU, chama kikuu cha kahawa cha Mbinga, kilidhoofika na kuanguka miaka ya 1990, baada ya soko kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na wakulima waliozoea kukopeshwa pembejeo wakabaki mikono mitupu. Lakini tuangalie udhaifu ulikuwa wapi. Fedha ya mkulima ilipita ngazi nyingi, mbali na macho yake. Aliyepeleka magunia hakuwa na njia ya kuona deni likikua. Nyumba iko mbele ya mwanachama kila asubuhi. Ukuta ukipasuka, ameuona. Hata hivyo nyumba ya ushirika ina hatari yake, nayo ni hati moja: viongozi wakiiweka rehani, familia zote ziko rehani. Kwa hiyo msijiunge na chama ambacho masharti yake hayasemi wazi kwamba hakuna mkopo wala rehani bila kura ya mkutano mkuu. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inatoa kura moja kwa kila mwanachama, awe na hisa tano au hamsini, na hesabu zinaweza kukaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Daini ripoti ya ukaguzi isomwe mkutanoni kwa sauti.

Wenyeji si watajaza nafasi zote wao kwa wao?

Wanaweza, kama masharti yatawaachia mwanya. Huko New York bodi za majengo ya ushirika kwa miaka mingi zimeweza kumkataa mnunuzi bila kumtajia sababu, na ni rahisi kuona ubaguzi unavyojificha ndani ya ukimya huo. Mbinga mjini Mmatengo anapanga ukuta kwa ukuta na Mngoni, Mnyasa, na Mkinga mwenye duka. Wamatengo wana urithi wa sengu, ambapo wanaume wa ukoo walikula pamoja na kushauriana, na mazoea hayo ya kukaa na kuamua ni mtaji mkubwa. Ila sengu ilikuwa ya ukoo, na nyumba ya ushirika ina wapangaji wasio na babu mmoja, wakiwemo wanawake wanaolea watoto peke yao. Andikeni kwamba kila ombi linajibiwa kwa maandishi, na sababu zinatajwa.

Nikifa?

Jaza mapema jina la mrithi wa hisa, na kama una ndoa, hisa ziandikwe kwa majina yenu wawili.

Si afadhali kila mtu apate hati ya sehemu yake?

Sheria Na. 16 ya 2008 inaruhusu umiliki wa sehemu za majengo, na kwa ghorofa jipya ni njia nzuri. Lakini hata huko paa na ngazi hubaki mali ya pamoja, na wamiliki hulazimika kuwa na chama chao. Hati haiondoi mkutano.

Kipato changu ni cha kahawa, mara moja kwa mwaka. Michango ya kila mwezi nitaiweza?

Hapa ndipo vyama vingi vinaweza kuvunjika, kwa kuiga kalenda ya wenye mishahara. Mwanachama wa Mbinga alipe mchango wa mwaka mzima malipo ya kahawa yanapoingia AMCOS, chama chake cha msingi cha mazao. Mvuvi wa usipa Mbamba Bay hupata fedha usiku wa giza, taa zinapovuta samaki. Alipe kwa mwezi wa angani. Huko ziwani upepo wa mwera unaweza kung'oa mabati, hivyo kiwango cha mchango kiwe kikubwa zaidi. Na fedha ya paa iwe na akaunti yake, yenye waweka saini watatu, ifunguliwe kabla mwanachama wa kwanza hajakabidhiwa ufunguo.