Ziada ya kahawa na deni la taifa: Tujifunze kwa Nabii Yusuf (a.s.)



Ndugu msomaji, likitajwa deni la taifa wengi wetu hufungua ukurasa wa michezo. Tunadhani ni mambo ya mawaziri na wachumi. Mwaka 2025 deni hilo lilikuwa limeshavuka shilingi trilioni 100, na mlipaji si waziri. Ni mama anayenunua sukari Kariakoo na mkulima wa kahawa kule Mbinga.

Nimeitaja Mbinga kwa sababu kahawa yake ina somo. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil. Bei ya kahawa duniani ikapanda mno mwaka 1976 na 1977, na fedha za kigeni zikajaa katika hazina yetu. Ile ndiyo ilikuwa ziada. Ikafanywa nini? Masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yakalegezwa, tena kwa ushauri wa wakubwa wa fedha duniani, na kufikia mwisho wa 1978 akiba ilikuwa imekauka.

Shida nazo hazikungoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikaanza Oktoba 1978, mafuta yakapanda bei mwaka 1979. Tukaingia katika miaka ya foleni na madeni, hadi mwaka 1986 tukatia saini masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Ilibidi tungoje Novemba 2001 ndipo tukaingizwa katika msamaha mkubwa wa madeni kwa nchi maskini.

Sasa turejee Surat Yusuf, aya ya 47 hadi ya 49. Nabii Yusuf (a.s.) hakuwaambia watu wa Misri wafurahie tu miaka saba ya neema. Aliwaelekeza waache mavuno katika mashuke yake, wale kidogo, kwani miaka saba migumu ilikuwa inakuja. Hiyo ni bajeti. Tofauti yetu na wao ni kwamba wao waliweka.

Kuna na mfano wa Khalifa Umar bin Abdul Aziz. Imepokewa kuwa alimwandikia gavana wake wa Iraq awape watu stahiki zao. Gavana akajibu kuwa amekwishawapa na fedha zimebaki. Akaamriwa awalipie wenye madeni waliokopa bila ya upuuzi wala israfu. Zikabaki tena, akaamriwa awaozeshe vijana wasio na uwezo. Zikabaki, akaamriwa awakopeshe wakulima waliodhoofika ili waweze kulima. Tazama mpangilio huo: haki za watu kwanza, kisha madeni, kisha uzalishaji. Fahari ya watawala haimo katika orodha.

Je, kukopa ni haramu? La. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqarah 282, inahusu deni: liandikwe kwa uadilifu na liwe na mashahidi. Kinachokatazwa ni riba, na hapo ndipo penye uchungu, maana sehemu ya kodi yetu inakwenda kulipa riba tu. Waislamu tuna wajibu wa kudai njia mbadala kama sukuk, ambazo Zanzibar imeanza kuzitumia.

Kipimo kingine ni kazi ya mkopo. Barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkopo huo unaonekana kwa macho: unapitisha kahawa kutoka milimani na dagaa kutoka Ziwa Nyasa. Mkopo wa namna hiyo waweza kujilipa. Lakini mkopo wa kununulia magari ya kifahari na kulipia semina, mjukuu ataulipa bila kujua babu alikula nini.

Wamatengo wa Mbinga wanalijua jambo hili bila ya shahada ya uchumi. Katika miteremko mikali hulima kwa ngolo: hulaza majani yaliyokatwa, huyafukia kwa udongo, na kuacha mashimo katikati. Mvua ikinyesha kwa fujo, mashimo huyakamata maji na udongo haushuki bondeni. Taifa lisilo na mashimo ya kukingia neema, neema yake huteremka na udongo wake.

Nasema haya kwa sababu neema imepita tena mlangoni. Desemba 2024 bei ya kahawa ya arabika katika soko la dunia ilivuka rekodi ya mwaka 1977. Bei hupanda na bei hushuka. Basi tuulize, misikitini na kwa wabunge wetu: kiasi gani kimewekwa? Deni gani limepunguzwa? Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu imesema nini? Ibara ya 143 ya Katiba imempa kazi hiyo kwa ajili yetu. Kuuliza si uchochezi. Amana ya umma ina wenyewe, na wenyewe ni sisi.

Mwenyezi Mungu atuepushe na mzigo wa deni. Amin.