Muziki usio na mwimbaji

SWALI: Mhariri, kijana wangu husikiliza muziki usio na maneno usiku kucha. Je, Afrika Mashariki tunayo albamu nzito ya aina hiyo?
Mama Mzazi, Kondele, Kisumu

JIBU: Ipo, mama, nami huirudia mara kwa mara: Peel ya KMRU, yaani Joseph Kamaru wa Nairobi, mjukuu wa Joseph Kamaru yule mwimbaji mkongwe wa Kikuyu aliyefariki 2018. Ilitolewa 2020 na kampuni ya Editions Mego ya Vienna. Ina vipande sita tu, na cha mwisho kinapita dakika 20. Ni sauti za mazingira zilizonaswa, zikanyooshwa polepole mpaka zijaze chumba. Kwangu mimi, urithi wake mkubwa ni huu: Mkenya sasa anasikilizwa ughaibuni bila kudaiwa ngoma.

Wala si ugeni kwenu ziwani. Katika benga, muziki wa gitaa wa Waluo, mwimbaji akinyamaza, gitaa hushika usukani, na gitaa hilo lilijifunza kwa nyatiti, ala yao ya jadi yenye nyuzi 8. Keti na kijana wako jioni moja, msikilize nyatiti kwanza, kisha Peel.