TUJIFUNZE: Linux kwenye Kompyuta Ndogo ya Kugusa



Wengi mmetuuliza ile kompyuta ndogo iliyo ukutani katika chumba cha mikutano hapa Dallas, Embu, tuliiwekaje, na kama kikundi kingine kinaweza kuiweka bila kumwita fundi kutoka Nairobi. Kinaweza. Ila yatubidi tuwaambie na aibu yetu, maana humo ndimo tulimojifunza.

Kompyuta yenyewe ni Raspberry Pi 3, bodi moja tu inayotoshea kiganjani. Bodi za jina hili zilianza kuuzwa mwaka 2012 kutoka Uingereza, ili watoto wajifunze kompyuta kwa bei nafuu. Haina diski. Kila kitu hukaa kwenye kadi ya memori kama ile ya simu, hata mfumo wa kuiendesha, ambao ni Linux. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi huko Finland, na hailipiwi. Na asiwaambie mtu kwamba haya ni ya wageni tu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, chini ya mradi ulioitwa Kilinux.

Skrini ya kugusa tuliichagua kwa ajili ya kina mama wa chama. Wengi wao hawajawahi kushika mausi, lakini simu ya kugusa wanaijua. Mama anagusa jina lake, anaona akiba yake, anaenda zake. Hana haja ya kumwuliza mweka hazina mbele ya watu.

Kadi tuliiandaa saiba. Chukua kadi ya GB 16 au zaidi, na uhamishe picha za harusi kwanza, kwa maana kila kilichomo kitafutwa. Kwenye kompyuta ya saiba pakua programu iitwayo Raspberry Pi Imager. Itakuuliza una bodi gani, unataka mfumo upi (chagua Raspberry Pi OS), na kadi ni ipi. Kabla haijaandika, itakuruhusu kuweka jina la mtumiaji, neno la siri na Wi-Fi. Usiruke hapo. Maelezo ya zamani husema uingie kwa jina pi na neno raspberry. Hayo yaliondolewa mwaka 2022, na sisi tulipoteza jioni nzima tukiyajaribu.

Kwa skrini, kumbuka kwamba picha ina njia yake na mguso una njia yake. Skrini yetu hupokea picha kwa kebo ya HDMI, na mguso hurudi kwa kebo ya USB. Ukiona picha lakini kidole hakifanyi kitu, usilaumu Linux kwanza, badilisha hiyo kebo ya USB. Ziko kebo za bei rahisi zinazopitisha chaji peke yake. Picha ikiwa kichwa chini, fungua mipangilio ya skrini kwenye menyu uigeuze. Siku hiyo ya kwanza azima kibodi na mausi.

Sasa stima. Tulianza na chaja ya simu ya ampea 1. Bodi ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Pembeni mwa skrini kulikuwa na alama ya radi ya manjano, nasi tukadhani ni urembo. Kumbe bodi ilikuwa inalia njaa! Raspberry Pi 3 yataka volti 5.1 na ampea 2.5, yaani wati 13 hivi tu, lakini izipate zote.

Tulinunua adapta inayofaa, tukaingiza hesabu za chama za miezi mitatu. Jioni moja ya mvua stima ikapotea katibu akiwa katikati ya kuandika. Iliporudi tukaona skrini nyeusi na maandishi meupe, basi. Kadi imeharibika. Na daftari la karatasi katibu alikuwa ameliacha, kwa sababu sisi ndio tuliomwambia aliache. Jumamosi mbili tuliketi na kina mama, kila mmoja akitaja alichotoa, wengine wakitafuta ujumbe wa M-Pesa kwenye simu. Mama mmoja hakuwa na ushahidi wowote wa shilingi 600. Wenzake walimwamini, lakini tuliona alivyoinamisha kichwa.

Tangu hapo daftari limerudi, na kila mkutano ukiisha hesabu zinanakiliwa kwenye fleshi. Hakuna anayechomoa waya kabla ya kuzima kwa menyu, au kwa kuandika sudo poweroff na kungoja taa ya kijani itulie. Kwa bodi ya kusomea watoto, ambayo haiwekwi kumbukumbu, andika sudo raspi-config, ingia Performance Options, washa Overlay File System. Hapo kadi haiandikwi tena, na stima ikipotea haidhuriki. Lakini chochote utakachoweka baadaye kitapotea ukizima, kwa hiyo kwa hesabu za chama haifai kabisa.

Kadi ya pili tumeshaiandaa, iko kwenye bahasha kabatini. Kikundi kinachotaka kuona kazi hii kije Jumamosi baada ya mkutano wa chama, na kije na kadi yake na adapta yake.