Mnara wa vita unaolaza wageni

Vita vya Napoleon tunavijua, lakini habari za minara hatuzijui sana. Mwaka 1794, huko Mortella katika kisiwa cha Corsica, merikebu mbili za vita za Waingereza zilipiga mnara mmoja wa mawe zaidi ya saa mbili. Mnara ulikuwa na mizinga 3 tu, lakini merikebu ndizo zilirudi nyuma! Ikabidi kuushinda kutoka nchi kavu. Waingereza hawakusahau. Walipoogopa kwamba Napoleon atavuka bahari, wakajenga kwao minara 103, pwani ya kusini na ya mashariki, kati ya 1805 na 1812. Jina wakaliharibu kidogo: Martello.

Tuangalie namna ulivyojengwa. Ukuta wa upande wa bahari unafika karibu meta 4 unene. Mlango hauko chini, uko juu meta 3 hivi. Askari wanapanda kwa ngazi, kisha wanaivuta. Chini ni baruti na chakula, katikati askari 24 na mkubwa wao, juu ya paa mzinga unaozunguka pande zote.

Napoleon hakuja. Basi matofali yote yale, kazi gani? Mingine ililiwa na bahari. Mingine jamaa za watu zilinunua, wakatoboa madirisha kwa shida. Ule wa Aldeburgh, wa matofali karibu milioni moja, shirika la Landmark Trust liliununua mwaka 1971, tena linaupangisha kwa wageni. Sasa baba, mama na watoto wanalala pale palipolala askari.