Taya Linalolia Mbele ya Sikio

Mtu akiweka ncha za vidole mbele kidogo ya masikio, kisha akafungua na kufunga mdomo taratibu, atahisi vifundo viwili vikicheza chini ya ngozi. Hivyo ni vichwa vya taya la chini. Mwanzoni huzunguka papo hapo vilipo, na mdomo ukizidi kufunguka huteleza mbele na kushuka. Kwa kuwa taya la chini ni mfupa mmoja, kiungo cha kulia hakiwezi kusogea bila cha kushoto kuguswa.

Kati ya kichwa cha taya na fuvu kuna kisahani chembamba, kigumu lakini chenye kunyumbuka, kinachozuia mifupa isisagane. Kisahani hicho kikihama na kukaa mbele kuliko inavyopasa, taya linapofunguka hukivuka ukingo ili kukikalia tena. Hapo ndipo husikika "ta!", mara nyingine hata mtu aliyeketi karibu mezani akaisikia. Mdomo ukifungwa, kisahani huchomoka tena, na mlio wa pili hufuata, mara nyingi hafifu kuliko wa kwanza.

Mlio peke yake, usio na maumivu, hauhitaji dawa wala upasuaji. Wengi huishi nao miaka nenda rudi pasipo madhara.

Kinachopaswa kumshtua mtu ni maumivu anapotafuna, au mdomo unaokataa kufunguka. Mtu mzima kwa kawaida hufungua milimita 40 hadi 50 kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Asiye na rula atumie vidole vyake mwenyewe vitatu, avipange kimoja juu ya kingine na kuviingiza mdomoni. Vikiingia viwili tu, na mlio uliozoeleka umetoweka ghafla, huenda kisahani kimekwama. Wapo wanaoufurahia ukimya huo wakidhani wamepona, ilhali huo ndio wakati wa kumwona daktari wa meno bila kuchelewa.

Maumivu mengi hata hivyo hutoka kwenye misuli ya kutafuna, si kwenye kiungo chenyewe. Mdomo ukiwa umetulia, meno ya juu na ya chini hayagusani; hukutana wakati wa kutafuna na kumeza, basi. Anayeyakaza akiendesha gari kwenye foleni, au akiinamia hesabu za duka hadi usiku, anaichosha misuli hiyo bila kujua. Ndivyo ilivyo pia kwa fundi cherehani anayekata uzi kwa meno siku nzima. Kwenye vijiwe vya miraa vya Mombasa na Nairobi, mtafunaji huhifadhi donge shavu moja kwa saa nyingi, aghalabu pamoja na jojo la kuondoa uchungu wa majani. Taya linalouma haliwezi kupona likiwa kazini muda wote huo.

Wengine husaga meno usingizini. Mtoto akifanya hivyo, familia nyingi hukimbilia dawa ya minyoo. Dawa hiyo ina faida zake, lakini hata watoto wasio na minyoo husaga meno, na wengi huacha kadiri wanavyokua. Mtu mzima anayeamka mashavu yakiuma na meno yamelika anaweza kutengenezewa na daktari kinga ya meno ya kuvaa usiku.

Matunzo ya nyumbani ni mepesi, nayo huwasaidia wengi. Kwa wiki mbili hivi, mahindi ya kuchoma, mua, nyama ngumu na jojo vinawekwa kando; uji, ndizi za kupikwa, samaki na maharage yaliyoiva vizuri vinashika nafasi yake. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa huwekwa shavuni kwa dakika 15 hadi 20. Mwayo ukija, kidevu kiegemezwe ngumi ili mdomo usipanuke mno.

Jambo la kuogopa ni tiba isiyorudishika. Maumivu ya kiungo hiki hujifanya ya sikio au ya jino, na mtu anaweza kung'olewa jino zima huku maumivu yakibaki palepale. Mwaka 1934, James Costen, daktari wa masikio, pua na koo wa St. Louis, Marekani, alidai chanzo ni kupotea kwa meno ya nyuma na taya kukandamiza sehemu za jirani na sikio. Wataalamu wa anatomia walikuja kuyapinga maelezo yake, lakini wazo la kutibu taya kwa kuchonga meno liliendelea kwa miongo mingi. Miaka ya 1980, wagonjwa wa Marekani waliwekewa visahani bandia vyenye Teflon. Vilivunjika ndani ya kiungo na kusababisha mfupa kulika, hadi vikaondolewa sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo mgonjwa ana kila haki ya kuuliza kama tiba anayopewa inaweza kusitishwa isipomfaa, kabla hajakubali jino lake kuguswa.

Yapo mambo yasiyosubiri. Mdomo uliobaki wazi baada ya mwayo ni taya lililoteguka. Hospitalini, mganga hukandamiza magego ya chini kwa vidole gumba, kisha hulisukuma taya nyuma. Nyumbani lisilazimishwe. Taya lililokaza pamoja na shingo, hasa kwa mtu aliyejeruhiwa siku au wiki zilizopita, huenda likawa dalili ya pepopunda. Na maumivu ya taya yanayokuja na kifua kubana, jasho au kukosa pumzi yanaweza kuwa ya moyo. Mgonjwa huyo apelekwe moja kwa moja kitengo cha dharura.