MFANYA BIASHARA NA MIZANI YA WENZIWE

Ndugu msomaji, mfanya biashara akitaka kujua daraja yake katika watu, hutazama wapi? Yadhaniwa kuwa hutazama daftari lake. Lakini aghalabu huwatazama wale anaokaa nao.

Mwenye duka la nguo hapa Mombasa, akikaa barazani jioni pamoja na mafundi na wachuuzi, hujiona mtu mkubwa: huamkiwa kwanza, huulizwa shauri, na huombwa mchango. Usiku huo huo hufungua simu, akaingia katika kundi la WhatsApp la waagizaji bidhaa wa Dubai na Guangzhou. Huko huona picha za makontena na magari mapya, akajiona si kitu. Je, duka lake limepungua? La! Mali ni ile ile. Mizani ndiyo iliyogeuka.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2000, huko Marekani, Nancy Adler na wenziwe waliwaonyesha watu picha ya ngazi yenye vidato 10, wakawauliza kila mmoja ajiona yuko kidato gani. Ikabainika kuwa jibu la mtu lafungamana na afya yake na utulivu wa moyo wake.

Na madhara yake hayaishii moyoni. Ajionaye duni hukopa ili alingane na wenziwe: harusi ya bintiye huifanya kwa rasilmali ya duka, na gari hulinunua kwa deni. Walioalikwa wakisha kwenda zao, deni hubaki naye.

Wala hatusemi kuwa kujuana na watu ni kubaya, kwani biashara haisimami bila ya kuaminiana. Abdurrahman bin Auf alikuwa mfanya biashara Makka. Alipohamia Madina, mwaka 622, alifika bila ya mali. Mtume (s.a.w.) akamuunga udugu na Saad bin Rabii, naye Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamuombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu. Akaanza kwa jibini na samli, na baadaye akawa katika matajiri wakubwa. Saad hakumdharau kwa ufukara wake, wala yeye hakuona haya kuanza chini mbele ya mwenye mali.

Basi kila mmoja wetu na ajiulize: hawa nikaao nao wanionyesha soko, au wanitia katika deni?