SOMO LA AFYA: Anayemlea mtoto mwenye ulemavu naye atunzwe

Ndugu msomaji, somo hili ni lako wewe mama, baba, bibi au dada unayemlea mtoto mwenye ulemavu hapa kambini. Mara nyingi ukifika kliniki unaulizwa hali ya mtoto, lakini hali yako wewe haiulizwi. Mlezi akiugua au akikata tamaa, nani atamlisha mtoto, kumgeuza na kumpa dawa? Kwa hiyo kumtunza mlezi ni sehemu ya matibabu ya mtoto.

1. Usijilaumu
Mtindio wa ubongo hutokea ubongo wa mtoto unapoumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au baadaye akiwa mdogo. Kwa mfano, mtoto anaweza kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kupata manjano kali, au kuugua homa ya uti wa mgongo. Si laana, si uchawi, wala hauambukizi. Kifafa nacho hakiambukizi, hata kwa mate. Baba, ukimwambia mkeo "hili limetoka ukoo wenu," unamwongezea mzigo na mtoto hapati nafuu.

2. Linda mgongo wako
- Unapomwinua mtoto, msogelee, kunja magoti, mshike karibu na kifua, ndipo usimame.
- Mtoto mkubwa ainuliwe na watu wawili.
- Mlishe akiwa amekaa wima, kichwa kikiinama mbele kidogo. Akilishwa amelala, chakula huweza kuingia kwenye njia ya hewa.
- Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, asipate vidonda. Usiku pokezaneni.

3. Gawaneni kazi
Ketini pamoja mzitaje kazi zote: kuchota maji, kutafuta kuni, foleni ya posho, kulisha, kuosha. Kila kazi ipewe mtu na siku yake. Ukisema "nisaidieni," kila mmoja humngoja mwenzake. Ukisema "Jumanne na Ijumaa maji ni yako," kazi inafanyika. Lakini msichana mkubwa asiachishwe shule ili awe mlezi.

Kama huna jamaa, mweleze kiongozi wa mtaa au mhudumu wa afya. Uliza pia kama mtu mwingine anaweza kukupokelea posho.

Nawe jirani, wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba huuona mwepesi. Mshikie mwenzio mtoto kwa saa moja, aoge na kupumzika.

4. Dalili za hatari kwa mlezi
- Huzuni au kukosa usingizi kwa majuma mawili.
- Kutotaka kula wala kuonana na watu.
- Kunywa pombe ili kusahau.
- Hasira inayokufanya umpige mtoto, umfunge kamba au umfungie ndani.

Ukiziona, nenda kituo cha afya ujieleze. Ukifikiria kujiua au kumdhuru mtoto, mwambie mtu unayemwamini akae nawe, na mwende kituoni siku hiyohiyo. Kusema si aibu.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani
1. Juma lililopita, nani aliamka usiku kwa ajili ya mtoto?
2. Ni kazi gani moja tutamwondolea mlezi kuanzia kesho, na nani ataichukua?